Nyumba ya Pugu kwa bei nafuu: tununue au tuendelee kusubiri?

Mpangaji wa Tabata
Ndugu zangu, mimi na mume wangu tumepanga Tabata, hapa Dar es Salaam, na akiba yetu sasa inatosha kununua nyumba ndogo, ila si Goba wala Mbezi Beach, ambako bei zimetupita mbali. Dalali ametuonyesha nyumba ya vyumba vitatu Pugu, isiyopigwa lipu nje, katika kiwanja kikubwa kuliko tulivyotarajia. Jamaa zetu wanatukatisha tamaa wakisema kwamba Pugu ni mbali na tena ni jirani na dampo. Naomba wanaoishi upande huo watueleze kama unafuu huo una sababu ambayo sisi hatuioni.

Mkazi wa Pugu
Dada, karibu sana. Sifa mbaya ya njia hii ya Gongo la Mboto hadi Pugu kwa sehemu inatokana na milipuko ya mabomu katika kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto mwezi Februari 2011, iliyoua watu na kubomoa nyumba, na hofu ile bado imo katika maneno ya wanaokuonya. Usafiri nao ulichangia, lakini hapo mambo yanabadilika, kwa kuwa Barabara ya Nyerere imo katika mpango wa mabasi ya mwendokasi hadi Gongo la Mboto, na treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 ina stesheni Pugu. Hata hivyo, msiitegemee treni hiyo kwa safari ya kazini ya kila siku, maana imekusudiwa wasafiri wa mikoani. Mtapanda daladala, na foleni ya asubuhi mtaikuta. Kuhusu dampo la Pugu Kinyamwezi, harufu ipo kweli, ila inategemea mtaa na upepo. Nendeni mchana wa jua kali, mrudi tena baada ya mvua, mkae hapo na kuzungumza na majirani, wala msiridhike na maneno ya dalali, wala hata na haya yangu.

Mpima Ardhi
Mimi harufu na foleni havinitishi kama ardhi yenyewe. Pugu ni vilima, na Mto Msimbazi unaanzia huko huko, kwa hiyo kiwanja kikubwa cha bei ndogo huenda kikawa ukingoni mwa korongo ambalo kila masika linamega ardhi zaidi. Vilevile, eneo la Pugu na Chanika limepakana na misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, na wapo waliojenga ndani ya Kazimzumbwi kisha wakaondolewa. Muhuri wa serikali ya mtaa unaonyesha kwamba mmeuziana mbele ya mashahidi. Hauthibitishi kwamba ardhi ni mali ya muuzaji. Kama kuna hati miliki, ombeni upekuzi rasmi, yaani uhakiki wa kumbukumbu za umiliki, katika ofisi ya ardhi. Kama haipo, ulizeni iwapo mtaa umepimwa na mchoro wake wa mipango miji umeidhinishwa, kisha mtafute mpima mwenye leseni alinganishe mipaka na ramani kabla ya fedha yoyote kutoka. Muuzaji akiwa na mke au mume, ridhaa ya mwenzi wake iwe ya maandishi.

Mpangaji wa Tabata
Nawashukuru nyote. Nyumba hii ina hati ya mauziano pekee, na anayeuza ni mmoja wa watoto wa marehemu aliyeijenga. Je, inatosha ndugu zake wote wakisaini?

Mpima Ardhi
Haitoshi, dada yangu. Mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na saini za warithi, ingawa zinasaidia sana kuzuia ugomvi wa baadaye, hazichukui nafasi ya uteuzi huo. Ombeni nakala ya barua ya usimamizi, mkaihakiki katika mahakama iliyoitoa, na msilipe hata kianzio kabla ya hapo.