Joto halichagui rangi: kwa nini basi haki ya rangi iingizwe katika mjadala wa tabianchi?

Mdadisi wa Jioni ameuliza:

Wanajukwaa, salamu kwenu. Wiki ijayo nitasimama katika mdahalo wa wanafunzi, na upande niliopangiwa unatakiwa kutetea hoja kwamba haki ya rangi, haki ya mazingira na haki ya tabianchi haziwezi kutenganishwa. Nimekubali kazi hiyo, ila nakiri kwamba moyoni sijashawishika. Hewa ukaa haina macho. Ikishatoka kwenye bomba la moshi huchanganyika na anga la dunia nzima, na nyuzi joto zikipanda zinampandia kila mtu. Anayeumia zaidi ni maskini, awe wa rangi yoyote ile. Nikisoma maandishi ya watetezi wa Marekani nakutana na neno "rangi" karibu katika kila aya, na huwa najiuliza kama huo si umaskini uliovishwa nguo nyingine.

Naomba msaada katika mambo mawili. Je, upo ushahidi kwamba rangi ina uzito wake wenyewe hata baada ya kipato kuwekwa kando? Na kama upo kwa upande wa majalala na viwanda, unaihusu vipi tabianchi, ambayo ni ya watu wote? Tafadhali nipeni mifano yenye mahali na miaka, maana wapinzani wangu si watu wa kuridhika na maneno matupu.

Mzee wa Maktaba amejibu:

Ndugu Mdadisi, shaka yako ni ya msingi, na ilikwisha kufikishwa mahakamani miaka mingi kabla hujaileta hapa.

Anza na Kaunti ya Warren, katika jimbo la North Carolina. Mwaka 1978, lori lilikuwa likipita usiku kwenye barabara za jimbo hilo huku bomba lake limefunguliwa, likimwaga mafuta yenye PCB, kemikali za viwandani zenye sumu, kandokando ya lami kwa umbali wa zaidi ya kilomita 300, kwa sababu kuyaondoa kwa njia halali kungegharimu fedha nyingi zaidi. Serikali ya jimbo ilibaki na udongo wenye sumu wa kuukwangua na kuutafutia kaburi. Ikachagua Afton, kijiji cha watu ambao wengi wao walikuwa Weusi na wenye kipato kidogo, ingawa maji ya ardhini pale hayako mbali na uso wa ardhi na wakazi walikuwa wakinywa maji ya visima. Mtu akikuambia kwamba mahali pale palichaguliwa na wataalamu wa miamba, mwulize habari za visima hivyo. Malori yalipoanza kuwasili Septemba 1982, wakazi walijilaza barabarani mbele ya magurudumu, na katika wiki zilizofuata zaidi ya watu 500 walikamatwa. Udongo ulizikwa vilevile. Takriban miaka 20 baadaye jimbo lilitumia mamilioni ya dola kuusafisha udongo uleule.

Wengi huhesabu maandamano hayo kuwa mwanzo wa harakati za haki ya mazingira nchini Marekani, na ndiyo yaliyoifanya Tume ya Haki ya Rangi ya kanisa la United Church of Christ ifanye utafiti wa nchi nzima. Ripoti yake ya mwaka 1987 inajibu sehemu ya kwanza ya swali lako: miongoni mwa vigezo vilivyopimwa, kipato na thamani ya nyumba vikiwemo, rangi ya wakazi ndiyo iliyobashiri vizuri zaidi mahali ambapo kituo cha kibiashara cha taka zenye sumu kingekutwa.

Usisahau Houston pia. Mwaka 1979 wakazi wa mtaa mmoja walikwenda mahakamani kupinga jalala, na mwanasosholojia Robert Bullard akaombwa kukusanya takwimu za jiji. Alikuta kwamba majalala yote matano yaliyomilikiwa na jiji yalikuwa katika mitaa ya Weusi, na vilevile tanuri sita kati ya nane za kuchomea taka, wakati Weusi walikuwa takriban robo tu ya wakazi wa jiji. Hata hivyo wakazi walishindwa, kwa kuwa hawakuweza kuthibitisha kwamba aliyetoa kibali alikuwa na dhamira ya kubagua. Shikilia neno hilo, dhamira, kwa sababu hapo ndipo wapinzani wako watakapokimbilia. Sheria inamtafuta mtu mwenye chuki, na aghalabu hakuna mtu wa namna hiyo ofisini. Yupo mtu mwenye ramani, bajeti na orodha ya mitaa, ambaye anajua kwa uzoefu ni mtaa upi utaleta mawakili na upi hautaleta.

Sikubali Haraka amejibu:

Naheshimu maelezo ya Mzee, lakini naona kuna shimo ambalo Mdadisi ataangukia asipoangalia. Kuonyesha kwamba Weusi wanaishi karibu na majalala hakuonyeshi kwamba majalala yaliwafuata wao. Inawezekana jalala lilitangulia, ardhi ikashuka bei, wenye uwezo wakahama na wasio nacho wakahamia. Hapo mwenye kosa atakuwa soko la nyumba, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Nilipoufuatilia ubishi huo nililazimika kurudi nyuma hatua moja. Watafiti Paul Mohai na Robin Saha walichapisha mwaka 2015 uchambuzi wa takwimu za miaka 30 kuhusu vituo vya taka zenye sumu nchini Marekani, na walichokuta ni kwamba vituo hivyo viliwekwa zaidi katika maeneo ambayo watu wa rangi, yaani wasio Wazungu, na maskini walikuwa wakiishi tayari, tena mara nyingi maeneo yaliyokuwa katika kipindi cha mabadiliko ya wakazi. Kwa hiyo kuhamia baadaye hakutoshi kuwa maelezo.

Kuna jambo ambalo bado sijalikubali, nalo ni kauli kwamba ni rangi tu. Huko West Virginia vilele vya milima vililipuliwa ili kufikia makaa ya mawe, vifusi vikamwagwa katika mabonde yenye vijito, na waliokunywa maji hayo wengi wao ni Wazungu maskini. Mnyonge hana haki, na unyonge una njia nyingi za kumfikia mtu. Ukisimama kwenye mdahalo ukasema kwamba umaskini hauna nafasi katika suala hili, utashindwa, na utakuwa umestahili.

Fundi wa Hewa amejibu:

Kazi yangu ni ya vipimo vya hewa, kwa hiyo nitashughulikia sehemu ya pili ya swali. Naanza na usemi wako kwamba hewa ukaa haina macho. Ni kweli, lakini hewa ukaa haitoki peke yake. Bomba moja la kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe hutoa hewa ukaa inayosambaa duniani na kukaa angani kwa karne nyingi, na kwa wakati huohuo hutoa chembechembe laini zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo zinaweza kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na ambazo huwaelemea zaidi walio karibu na upande unakoelekea upepo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulilinganisha uchafuzi ambao kila kundi husababisha kwa manunuzi yake na ule linaouvuta puani. Wazungu walivuta takriban asilimia 17 pungufu ya ule waliousababisha, Weusi walivuta asilimia 56 zaidi ya ule waliousababisha wao, na watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini asilimia 63 zaidi.

Hapa ndipo sera za tabianchi zinapoingia, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye hoja yako nzito kuliko zote, ingawa ni nadra kuisikia ikisemwa kwa utulivu. Chukua soko la vibali vya kutoa gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, kama lile lililoanza kufanya kazi California mwaka 2013. Kiwanda kinachoona gharama ya kupunguza moshi ni kubwa kinaruhusiwa kununua vibali kutoka kwa kingine kilichopunguza. Kwa hesabu ya dunia hakuna kilichopotea, kwa sababu tani moja ya hewa ukaa ni sawa popote itakapopunguzwa. Kwa jirani wa kiwanda kilichonunua, hesabu haifungi, maana chembechembe zake hazikwenda sokoni. Mashirika ya wakazi wa maeneo ya viwanda yalipinga mpango huo kwa sababu hiyohiyo, na yalishangaza watu waliodhani kwamba kila anayejali mazingira angeupigia makofi. Hivyo sera inaweza kuisaidia tabianchi na papo hapo ikauacha udhalimu wa zamani ukae pale ulipo, na anayezitazama tani tu hatauona.

Joto lenyewe pia si lile unalolidhania. Katika miaka ya 1930, shirika la serikali ya Marekani la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji na kuigawa mitaa katika madaraja manne kwa rangi, kuanzia ule ulioonekana salama zaidi kukopeshwa hadi ule wa hatari zaidi: kijani, buluu, njano na nyekundu. Karatasi zilizoambatana na ramani hizo zilikuwa na nafasi ya kujaza kama Weusi wanaishi mtaani na kwa asilimia ngapi, na nafasi nyingine ya kuandika ni watu gani "wanaopenya". Mtaa uliopakwa nyekundu ulinyimwa mikopo. Bei ya ardhi ilibaki chini, barabara kubwa na maghala yakapelekwa huko, miti haikupandwa. Mwaka 2020 watafiti walipima joto la uso wa ardhi katika miji 108 kwa kutumia setilaiti, na katika asilimia 94 ya miji hiyo mitaa iliyokuwa nyekundu ilikutwa na joto kali kuliko ile ya kijani, kwa wastani wa takriban nyuzi 2.6 za Selsiasi. Wino ule ulikuwa umekauka miaka 80 nyuma. Wimbi la joto linapofika, mji mmoja una joto la aina mbili, na mpaka kati yake ulichorwa na mtu aliyekuwa akijaza fomu kuhusu rangi za watu.

Ndugu Sikubali Haraka, nadhani hili linagusa pia hoja yako ya umaskini. Mtu aliyenyimwa mkopo kwa sababu ya rangi, akashindwa kununua nyumba, akakosa cha kuwarithisha watoto, ukimpima leo utamwandika "maskini" na utasema kwamba umeiweka rangi kando.

Mama Kalamu amejibu:

Naongeza mambo mawili kwa ufupi, maana mmeikalia Marekani mno.

Mwaka 1988 iligundulika kwamba maelfu ya mapipa ya taka zenye sumu kutoka Italia yalikuwa yamerundikwa Koko, mji mdogo wa bandari nchini Nigeria, katika uwanja wa mkazi aliyekuwa akilipwa kodi ya takriban dola 100 kwa mwezi. Mkataba wa Basel uliofuata mwaka 1989 uliiruhusu biashara hiyo iendelee mradi nchi inayopokea imearifiwa na kuridhia. Nchi za Afrika hazikutosheka na ridhaa ya karatasi, zikatunga Mkataba wa Bamako mwaka 1991, unaopiga marufuku kabisa kuingiza taka hizo barani. Utaratibu ni uleule wa Afton, ila safari hii lori limekuwa meli. Na ukitaka kuupeleka hadi kwenye tabianchi, weka kando kwa kando mambo haya: Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa ukaa yote iliyotokana na makaa, mafuta na gesi tangu enzi ya viwanda ianze, Afrika nzima haifikishi asilimia 4 ya inayotolewa kila mwaka, na mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi maskini zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ulikubaliwa mwaka 2022 tu, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kule Sharm el-Sheikh, Misri.

La pili ni picha. Januari 2020 wanaharakati watano vijana wa tabianchi walipigwa picha wakiwa Davos, Uswisi, penye mkutano wa Jukwaa la Uchumi la Dunia, wanne Wazungu na mmoja Mganda, Vanessa Nakate. Shirika la habari la Associated Press lilipoisambaza, Nakate alikuwa amekatwa. Maelezo ya awali yalikuwa kwamba jengo lililokuwa nyuma yake liliharibu mpangilio wa picha, na baadaye wakuu wa shirika walieleza kujuta. Mimi naamini kabisa kwamba jengo lilikuwa likisumbua jicho. Naamini pia kwamba asingekatwa aliyesimama katikati. Mkitafuta dhamira hapo mtaikosa, kama ilivyokosekana Houston.

Mdadisi wa Jioni amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimeifuta sentensi yangu ya kwanza na nitaanza na visima vya Afton. Hoja ya bomba lenye moshi wa aina mbili nitaiweka katikati, kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha mimi mwenyewe. Kuhusu umaskini nitakubali mapema kabla sijaulizwa, kisha nitauliza umaskini huo ulitengenezwa na nani.

Nina swali dogo la lugha. Kwa sehemu kama ile inayofuata Mto Mississippi kati ya Baton Rouge na New Orleans, jimboni Louisiana, ambako viwanda vya kemikali vimejengwa katika ardhi iliyokuwa ya mashamba ya watumwa, na vizazi vya watumwa hao wanaishi pembeni ya uzio, nilitaka kutumia neno "maeneo ya kafara". Je, ni sahihi?

Mzee wa Maktaba amejibu:

Linafaa, lakini lieleze. Kafara kwa desturi hutolewa na mwenye balaa, kutoka katika mali yake, ili balaa limwondokee. Hapa aliyetolewa ni jirani, na hakuulizwa. Usipolieleza, msikilizaji anaweza kudhani kwamba wakazi wenyewe waliridhia.

Jambo moja zaidi kuhusu takwimu ya joto uliyopewa na Fundi. Ile nyuzi 2.6 ni wastani wa tofauti kati ya daraja la kijani na lile la nyekundu, na ni joto la uso wa ardhi, si la hewa unayoihisi usoni. Liseme hivyo hivyo. Wapinzani wako wakikukamata kwenye kipimo kimoja, hawatakuacha ufike kwenye visima.