Baba mkwe wangu alikuwa mvuvi kutoka Kroatia: nimwelezeje kwa haki katika wasifu wake?

Mkwe wa Pangani:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla ya Alhamisi. Baba mkwe wangu amefariki hapa San Pedro, California, akiwa na umri wa miaka 79, na familia imenipa mimi kazi ya kusoma wasifu wake. Mama mkwe anataka nitaje mambo mawili, kwamba alikuwa mchapakazi na kwamba aliipenda familia yake. Mke wangu ameniambia faraghani kwamba nikiyasoma maneno hayo matupu hataweza kuketi pale akasikiliza, kwa sababu safari moja ya baba yake ilichukua miezi miwili au mitatu, na siku ya kipaimara chake, kama siku ya mahafali yake, mzee alikuwa mbali kusini akifuata jodari katika pwani za Meksiko na Costa Rica. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo nilipokwama.

Niwape historia yake kidogo. Wazazi wake walikuwa watu wa Komiža, mji wa wavuvi katika kisiwa cha Vis, bahari ya Adriatiki. Mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, watu wa Dalmatia, yaani pwani ya Kroatia, wapatao 30,000, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walihamishiwa El Shatt, kambi ya mahema katika jangwa la Sinai, nchini Misri, na ndani ya hema moja la huko ndimo alimozaliwa mwaka 1945. Baba yake alikuwa amebaki nyumbani pamoja na wapiganaji, na hakumtia mtoto wake machoni mpaka familia iliporudi kisiwani mwaka 1946. Siku nilipokwenda kuposa, nikiwa sijui nitapokewaje, neno la kwanza aliloniambia mzee huyu ni kwamba na yeye alizaliwa Afrika. Wanajiografia huihesabu Sinai upande wa Asia, lakini sikumsahihisha, kwa kuwa nilielewa alikuwa ananipa nini.

Alifika San Pedro mwaka 1967, baada ya Yugoslavia, ambayo Kroatia ilikuwa sehemu yake wakati huo, kulegeza mipaka yake, akawakuta watu wa kwao ambao walikuwa wakivua hapa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Alifanya kazi katika meli zenye nyavu za kuzungusha, zile ambazo kwetu tunaziita ringineti. Viwanda vya samaki wa makopo vya Terminal Island, kisiwa kilicho bandarini hapa, vilipoanza kufungwa katika miaka ya 1980, akahamia kazi ya kupakua mizigo bandarini hadi alipostaafu.

Mimi nilimjua akiwa amestaafu. Kila asubuhi aliketi gerejini juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiziba nyavu ambazo hakuna tena aliyezihitaji, sindano ya mti ikipita katika macho ya wavu upesi kuliko nilivyoweza kuifuata, ingawa vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikuweza kukunjika. Babu yangu alikuwa mvuvi wa dagaa kwa karabai, kwa hiyo mafundo yale nayajua. Mzee aliponiona nalifunga moja, alinisogezea ndoo ya pili bila kusema neno.

Je, nitayaunganishaje maneno ya mama na ya mke wangu bila kumwaibisha marehemu?

Katekista Mstaafu:

Pole sana, ndugu yangu, wewe na familia nzima. Anza na mahali pa kusomea. Kwa utaratibu wa Kanisa Katoliki, mahubiri ya misa ya maziko hayageuzwi kuwa sifa za marehemu. Maneno ya kumkumbuka husemwa katika mkesha, au kwa ufupi sana baada ya komunyo. Zungumza na paroko leo hii, na ukiweza uombe mkesha, baada ya rozari, kwa sababu hapo watu huwa wametulia na hakuna anayetazama saa.

Mama wa Likoni:

Pole mwanangu. Mume wangu alikuwa baharia, na watoto wangu wamenung'unika kama anavyonung'unika mkeo, kwa hiyo nakwambia jambo ninalolijua. Usitafute neno la katikati la kuwaridhisha wote wawili. Ukisema mbele ya watu kwamba mzee alikikosa kipaimara cha binti yake, hujamtukana, umetaja bei ambayo nyumba ile ililipiwa, na wavuvi wenzake watakaokuwapo hawatahitaji kufafanuliwa. Tena usimsahau mama mkwe wako, maana wakati mzee yuko majini ni yeye aliyekuwa baba na mama. Mwulize siku meli iliporudi palikuwaje nyumbani, kisha unyamaze umsikilize.

Mjukuu wa Nahodha:

Ninakubaliana na Mama, ila ningeanzia kwenye hema la El Shatt. Mtoto aliyezaliwa baba yake akiwa mbali alikuja kuwa baba aliyekuwa mbali. Yaweke mambo hayo mawili jirani, na usiongeze sentensi ya kumtetea.

Mkwe wa Pangani:

Nawashukuru sana. Paroko amekubali niseme katika mkesha. Jana usiku nilimwuliza mama mkwe kama nilivyoshauriwa, naye akasimulia kwamba mzee aliporudi hakulala kwanza. Aliketi mezani jikoni na kuwaita watoto wamletee madaftari yote ya shule ya miezi ile, akayafunua ukurasa kwa ukurasa, ingawa Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha na mama ndiye aliyemsomea. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akasema anakumbuka jinsi madaftari yake yalivyonuka dizeli kila baba aliporudi, hata akaona aibu kuyapeleka shuleni, na kwamba kwa miaka yote hii hakuwahi kujiuliza harufu ile ilifikaje mpaka kurasa za mwisho.

Nitaanza na hema, nifuatishe kipaimara alichokikosa, halafu madaftari. Mke wangu amesema kipande cha madaftari atakisoma yeye mwenyewe.