Star Wars kwenda bila ramani: muziki ndio uliowaokoa?

Kinubi: Wadau, Disney waliinunua Lucasfilm, kampuni ya filamu za Star Wars, 2012 kwa dola bilioni 4 na ushee. Fedha yote hiyo, halafu trilojia (filamu 3 zinazofuatana) ya 2015 hadi 2019 kila mwongozaji anakabidhiwa usukani na kuambiwa utajua mwenyewe huko mbele. Abrams anafungua, Johnson anapindua, Abrams anarudi kuyapindua mapinduzi. Aliyetulia mwanzo mwisho ni mtunzi wa muziki, John Williams. Bila yeye mngezimaliza zile filamu?

Mzee wa Falcon: Kwani za zamani zilikuwa na mpango gani? Mashujaa Luke na Leia wanabusiana 1980, 1983 tunaambiwa ni ndugu wa tumbo moja! Williams mwenyewe alishasema alidhani hao ni wapenzi, akamtungia Leia wimbo wa mahaba. Mtunzi kaachwa gizani na bado mnaziita dhahabu.

SautiNane: Mpango au hakuna mpango, tangu 1977 yule mwovu Vader akitokea tu na ile machi yake, muziki wa gwaride, mwili unasisimka. Nyie watoto wa 2015 mna nini cha kuweka mezani?

Binti Nyota: Watoto? Machi ya Vader haimo kabisa kwenye filamu ya 1977. Imeingia 1980. Ukitaka kutuita watoto, walau uwe umeziangalia.

SautiNane: Dada, povu la nini? Mimi nazungumzia hisia, wewe unaniletea kalenda.

Mzee wa Falcon: "Tangu 1977" umeandika wewe, ipo hapo juu tunaisoma wote.

Kinubi: Jamani, mada ni mpango.

Chuma: Mpango gani, wakati hata okestra waliibadilisha? Filamu 6 za mwanzo ni London Symphony Orchestra. 2015 wakahamia kurekodi Los Angeles. Tangu hapo tarumbeta hazing'ati.

Binti Nyota: Hazing'ati kwa sababu hazikutakiwa kung'ata. Rudia pale Rey, shujaa wa filamu ya 2015, anapookota vyuma ndani ya meli iliyoanguka jangwani. Haongei na mtu, muziki ndio unaomtambulisha, taratibu, bila makelele. Ila kuna watu bila tarumbeta wanadhani filamu haijaanza.

SautiNane: Hao "watu" ni mimi?

Binti Nyota: Sijataja jina.

Mzee wa Falcon: Hahaha. Chuma, mbona Rogue One, ile filamu ya pembeni ya 2016, hujaigusa? Mtunzi Desplat kaondoka, mwenzake Giacchino kapewa kama wiki 4 na nusu atunge filamu nzima. Huo ndio ukosefu wa mpango, na muziki ukatoka mzuri tu.

Chuma: Mzuri wapi? Ile ni harufu ya Williams, pilau lenyewe halipo. Na utaniambia nini kuhusu kwaya ya 1999, ile ya Kisanskriti kwenye pambano na yule mwovu Darth Maul? Filamu yenyewe maneno matupu ya kodi za biashara, kwaya ikaibeba mgongoni.

Kinubi: Chuma, hapo umejibu swali langu bila kutaka. Na ile trilojia iliyoanza 1999 Lucas, muasisi wa Star Wars, aliiongoza peke yake, zote 3, na mwisho wa hadithi tulishaujua, maana inasimulia yaliyotangulia filamu za zamani. Mpango ulikuwepo kuliko wakati wowote.

Mzee wa Falcon: Kwa hiyo mpango ukiwepo filamu mbovu, usipokuwepo filamu mbovu. Sasa unauliza nini?

Binti Nyota: Filamu ya 1999 siyo mbovu.

SautiNane: Ooh! Kumbe. Haya wadau, mmemsikia anayenifundisha mimi kuangalia filamu.

Binti Nyota: Mbio za vyombo jangwani: muziki umenyamazishwa sehemu kubwa ya mbio, unasikia injini tu. Huo ni uamuzi wa mtu anayejua anachofanya. Wewe ulikuwa unasubiri machi?

Chuma: Jar Jar, yule kichekesho wa filamu hiyo hiyo, naye ulikuwa uamuzi?

Binti Nyota: Tusitoke nje ya mada.