MREJESHO: Monita ya wagonjwa iliyokuwa inapoteza saa na kioo kuwa giza

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa ambaye hakuona: monita ya wodini, kila ikizimwa tarehe inarudi Januari 2000, na mawimbi ya moyo huyaoni kwenye kioo mpaka umulike tochi.

Saa imepona. Mliosema nianze na betri ya CR2032 (ile bapa kama sarafu, inayotunza saa mashine ikizimwa) kabla ya kugusa IC (chipu) yoyote, asanteni sana. Mita ilisoma volti 1.2 badala ya 3. Betri hiyo imechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo tafuta ile inayouzwa na vikucha vyake. Ya kawaida usiichomelee moja kwa moja, joto linaweza kuipasua. Ushauri wa kubadili kristali ya 32,768 Hz (kipande kinachoipa saa mapigo yake) niliuacha, kwa kuwa mashine ikiwa imewashwa saa ilitembea sawasawa.

Kioo ndiyo bado kinasumbua. Nimeweka inveta mpya ya taa ya nyuma, yaani saketi inayopandisha volti za kuiwasha (chomoa umeme na usubiri kwanza, inatoa mamia ya volti), mwanga ukarudi, ila una rangi ya waridi na unachezacheza pembeni. Naona mirija yenyewe ya taa imechoka, kama mdau mmoja alivyobashiri. Ya saizi ile sijapata. Wanaoniambia nifunge LED za dukani, hapana, kifaa cha mgonjwa hicho.

Kwa sasa kipo karakana. Hata taa ikipatikana, kitapimwa kwa simuleta (kifaa kinachoiga ishara za mgonjwa) kwanza ndipo kirudi wodini.