Kutoka gita kwenda ukulele: ninunue ya saizi gani?

Mpiga Nyuzi: Salamu wakuu. Niko Jinja, nimepiga gita miaka 11, kanisani na harusini. Nataka kuhamia ukulele, kile kigita kidogo. Mikao ya vidole ninayoijua itanifaa? Ninunue saizi gani? Nijibuni kabla ya Jumamosi.

Mzee wa Malaba: Huanzi upya, kijana. Nyuzi nne, G-C-E-A, zimepishana kama nyuzi nne nyembamba za gita ukiweka kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti (vile vyuma vya shingoni) ya tano. Mkao wako wa D utatoa G, wa G utatoa C. Ila ule uzi wa G wa ukulele kwa kawaida ni mwembamba na unalia juu kuliko C na E. Dole gumba lililozoea besi litaitafuta lisiipate.

Mama Adungu: Kwa nini usijifunze adungu, kile kinubi chetu, mwanangu? Marehemu baba alitupigia kila jioni kule Nebbi. Mpaka leo nikisikia adungu naona uwanja wetu.

Dereva Busia: Jumamosi kuna nini?

Mpiga Nyuzi: Mnunuzi anachukua gita langu. Ameshalipa nusu. Mwezi wa pili mashine ya randa ilinikata kidole cha pete, mkono wa kushoto. Hakikunji. Sikusema kwa sababu watu wakisikia wananipa pole tu, hawanijibu. Sijakurupuka, hela ya gita ndiyo ya ukulele.

Kaka Mbale: Chombo kilichokulisha hakiuzwi. Mrudishie mtu hela yake.

Mnubi Bombo: Ngojeni. Miaka 11 na hajui D inahamaje? Hii imetungwa. Kesho tutaletewa tangazo la ukulele.

Mzee wa Malaba: Asiyewahi kuishika angejuaje?

Mpiga Nyuzi: Ndugu yangu, nikibana F ya gita, uzi wa tano unanyamaza. Ndiyo kazi ya kidole cha pete. Nimejaribu miezi mitatu, nikifunga mlango ili mke wangu asisikie.

Mnubi Bombo: Nisamehe. Hilo mtu hatungi.

Mzee wa Malaba: F ya ukulele inataka vidole viwili tu, cha shahada na cha kati. C piga kwa cha kati. Nunua saizi ya tenori, freti zake zina nafasi. Saizi ya baritoni ni D-G-B-E kama gita, usingehamisha chochote, lakini nyuzi zake ni ngumu zaidi kuzipata. Na usifunge nyuzi za chuma kwenye ukulele ya nailoni, zitaing'oa daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi.

Kaka Mbale: Na gita?

Mpiga Nyuzi: Mnunuzi anafika saa nne. Nimeshalifuta vumbi.