Bolti za hadiwea 8.8 badala ya AN kwenye ndege ya kujiundia?

Mwewe01
Wakuu, naunda ndege ya alumini ya viti viwili. Mchoro unataka bolti za AN (bolti za kiwango cha ndege): AN4-12A kwenye maungio ya mbawa na AN3 kwenye rodi za eleroni (vibao vya ukingo wa mbawa vya kuilaza ndege). Hadiwea kuna M6 (za milimita 6) za daraja la nguvu 8.8, bei chee. Kwenye jedwali nguvu zinakaribiana. Kuna ubaya? Na nati zote niweke za nailoni (zenye pete ya nailoni ndani inayong'ang'ania nyuzi)?

SpanaNdogo
Nguvu si tatizo: 8.8 inahimili mvuto wa MPa (megapaskali) 800, AN karibu 860. Tatizo ni tundu. AN4 ni robo inchi, yaani mm 6.35. M6 haifiki hata mm 6 kamili. Mzigo ukigeuka, bolti inagonga ukingo wa alumini, na tundu linakuwa umbo la yai. Isitoshe, nyingi za dukani zina nyuzi hadi kichwani, na nyuzi ndani ya tundu ni msumeno. Shina laini ndilo lijaze unene wa vipande. Likizidi kidogo, ongeza washa (ringi bapa za chini ya nati) AN960, zisipite tatu.

Hiyo -12 kwenye AN4-12A ni urefu: inchi 1 na 2/8, siyo 12/8. Ndiyo maana baada ya -7 inakuja -10. A mwishoni: shina halina tundu la pini.

Kusi_77
Nailoni (AN365) ni sawa pasipozunguka na pasipo na joto. Kikomo chake ni sentigredi 121. Upande wa injini tumia AN363, chuma kitupu. Kwenye rodi za eleroni, kama bolti yenyewe ndiyo mhimili, nailoni itafunguka taratibu: weka AN3 isiyo na A, nati ya ngome AN310 (yenye mikato ya kupitishia pini), na pini. Kama gololi iliyo kwenye ncha ya rodi imebanwa na bolti, bolti haizunguki, fuata mchoro.

Kukaza: AN3 paundi-inchi 20–25, AN4 50–70. Nyuzi kavu, bila oili, geuza nati. Nailoni ina ugumu wake wa kuzungusha. Usome ugumu huo kwa spana ya kupimia kabla nati haijagusa washa, kisha ujumlishe. Ukisoma 8 kwenye AN3, kaza 28 hadi 33. Wengi huruka hatua hii, bolti inabaki legevu huku spana imeshalia.

Mwewe01
Asanteni. Na za chuma cha pua? Huku pwani chumvi inakula kila kitu.

SpanaNdogo
Bolti itabaki inang'aa, alumini inayoizunguka ndiyo italiwa. Ule mng'ao wa dhahabu kwenye AN ni kadimiamu, hutangulia kuliwa yenyewe. Usiikwangue kwa brashi ya waya.