Ujamaa wa wanyama: nimeona kazi za mchoraji wa Mongolia, naomba ushauri

Mchonga wa Mikindani
Wakuu, habari zenu, na wazee shikamooni. Mimi ni mchongaji, kazi nilifundishwa na babu mzaa mama, Mmakonde wa Newala. Juzi mpwa wangu alinionyesha kwenye simu picha za Otgonbayar Ershuu, wengi humwita OTGO. Kazaliwa Ulaanbaatar mwaka 1981, anaishi Berlin. Tangu siku ile usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Kitambaa kizima kimejaa wanyama wadogo wadogo, farasi kabanana na farasi, shingo ya huyu imezamia tumbo la yule, hakuna hata pa kupitisha sindano. Nikamwona babu na ujamaa wake, mnara wa watu waliobebana, ila huku waliobebana ni wanyama.

Ninalo gogo la mpingo, lanifika kiunoni, limepinda katikati. Nataka nichonge ujamaa wa wanyama. Sasa, ujamaa wa watu una shina lake: mzee yuko chini, kizazi kinampanda. Wa huyu bwana hauna wa kwanza wala wa mwisho, na bado jicho halipotei. Anafanyaje?

Binti Lindi
Kaka, nafundisha kuchora, nimemfuatilia miaka kadhaa. Jibu ni mstari. Alianzia kwenye uchoraji wa jadi wa kwao, ule wa picha za mahekalu ya Kibudha, ambako mwanafunzi hupimishwa kila kiungo kwa mistari kabla ya kugusa rangi. Kila mnyama wake ana ukingo wake kamili, hata akiwa mdogo kama kucha. Ndiyo maana hawachanganyikani.

Halafu Wamongolia wana mtindo wao, mongol zurag, unaoonyesha mambo yote kwa pamoja kama vile unatazama toka kilimani. Mtafute Marzan Sharav, mchoraji wao aliyefariki 1939. Katika picha yake moja ya maisha ya wafugaji kuna watu wanahama, wanatengeneza manyoya ya kufunikia mahema, wanaoa, wanazika. Hakuna aliye katikati. Jicho linatembea kama mfugaji anavyotembea.

Mzee wa Mahuta
Mjukuu, marahaba. Sisi Wamakonde tunasimulia kwamba mtu wa kwanza alikuwa peke yake porini, akachonga mti, na ule mti ukawa mwanamke, mama yetu. Wamongolia wao husimulia kuwa ukoo wa Chinggis Khaan ulitokana na mbwa mwitu wa rangi ya kijivu na paa jike. Kwa hiyo OTGO akichora mnyama anachora babu zake. Si pambo lile.

Ninachokuomba: farasi usimchonge. Umewahi kumgusa? Yeye kakulia katika nchi ya farasi. Mchoraji akikosea hupaka rangi juu, wewe patasi ikishapita imepita, na mpingo hauungwi.

Kijana wa Masasi
Naunga mkono. George Lilanga naye, mchongaji na mchoraji, mtoto wa kusini huku, alichora mashetani aliyokuwa akiyachonga, hakuazima ya watu.

Mchonga wa Mikindani
Babu, nimekuelewa, na kweli farasi sijamgusa hata siku moja. Binti Lindi, asante sana, nilikuwa natafuta shina kumbe natakiwa nitafute ukingo. Leo asubuhi nimelizungusha gogo mara nyingi na kipande cha chaki, nachora migongo tu, bila vichwa.

Nimesoma pia kwamba Wamongolia wanahesabu mifugo yao mitano: farasi, ngamia, ng'ombe, kondoo na mbuzi. Mbuzi nimewachunga tangu sijaanza shule, najua jike anavyokunja goti la mbele kabla ya kulala. Naanza naye, hapo hapo gogo linapopinda.